Orodha ya waliopotea: watu wa msikitini na wanaharakati watakaaje meza moja?

Mwana_Kisauni aliandika:

Assalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Nina jambo limenikaa kooni, naomba waliotutangulia wanisaidie.

Sisi ni vijana kama thelathini, wengi wa Kisauni, wengine wanatoka Likoni na Mvita. Tulijikusanya baada ya maandamano ya Juni 2024, wakati ule wa mswada wa fedha. Karibu nusu yetu ni vijana wa msikitini. Waliobaki ni wanaharakati wa haki ambao dini kwao ni jambo la nyumbani: kuna Wakristo, kuna Waislamu, na wako wawili watatu hawasali popote. Tulikuwa tukielewana vizuri mpaka Jumamosi iliyopita.

Siku hiyo tulikuwa tukiandika taarifa kuhusu watu waliochukuliwa na hawajarudi. Mwenzetu mwenye kompyuta alileta orodha. Majina yote yalikuwa ya vijana wa maandamano. Ustadh wetu mmoja, mwalimu wa madrasa, akauliza kwa upole kabisa, "Na wetu?" Alikuwa na maana ya wale waliochukuliwa hapa pwani miaka ya nyuma kwa jina la ugaidi, ambao mama zao mpaka leo hawajui kama wakwe zao wakae eda au wangoje mlango ugongwe. Mwenye kompyuta akajibu bila kuinua macho, "Hao ni kesi nyingine."

Basi. Ustadh akafunga daftari, akalitia kwapani, akatoka. Vijana tisa wakamfuata.

Sitaki mdhani kosa ni la upande mmoja. Wiki mbili kabla ya hapo, dada mmoja aliyelala seli siku tatu alisimama atusimulie yaliyompata. Vijana wa msikitini wakalalamika kwamba kichwa chake ki wazi na hawawezi kumsikiliza hivyo. Akakaa chini. Hajarudi tena, na simu zangu hapokei.

Nauliza: enzi za Moi, IPK (chama cha Waislamu) na FORD (watu wa kudai vyama vingi) walikaaje pamoja? Nchi nyingine zilizotawaliwa kwa mkono wa chuma walifanyaje? Tafadhali, sitaki maneno ya "tuungane tu". Nataka aliyeyaona.

Mkaa_Tudor:

Kaka, nitasema wazi maana nakutakia mema. Tenganisheni. Kila kundi lifanye yake.

Soma habari za Iran. Mwaka 1979 Shah aliangushwa na watu wa kila aina: mashehe, wafanyabiashara wa sokoni, wasomi, wakomunisti wa chama cha Tudeh. Mehdi Bazargan, mtu wa dini lakini wa siasa za kisheria, akafanywa waziri mkuu. Hakumaliza mwaka, alijiuzulu Novemba ile ile ya 1979. Tudeh wao wakaendelea kumuunga mkono Khomeini, kiongozi wa mashehe, wakanyamaza wenzao walipokuwa wakifungwa, wakidhani zamu yao haitafika. Mwaka 1983 chama kikapigwa marufuku, viongozi wakaingizwa jela. Mwenye kuamini kwamba anasema kwa niaba ya Mungu hawezi kugawana meza na mtu. Ndivyo nionavyo.

Azhari_wa_Kuze:

Ndugu yangu wa Tudor, ulivyosoma Iran ni sawa, ila umeufikia mwisho kabla ya kuupita ukurasa wa katikati. Umesema mwenyewe: Tudeh walinyamaza wenzao walipofungwa. Hapo ndipo penye jambo.

Mimi nilikuwa Misri tangu 2009 hadi 2014, nasoma Azhar. Tulikuwa wanafunzi wanne wa pwani katika nyumba moja Madinat Nasr, si mbali na msikiti wa Rabaa. Mapinduzi ya Januari 2011 niliyaona kwa macho yangu. Uwanja wa Tahrir ulikuwa na Ikhwani (Muslim Brotherhood), wakomunisti, vijana wa mitandao, Wakristo wa Kikopti, na ilipofika swala ya Ijumaa wasioswali walishikana mikono kuwazunguka wanaoswali ili wasivamiwe. Nililia.

Sasa sikiliza kilichofuata. Novemba 2011, jeshi likiwa bado linatawala, vijana walikuwa wakiuawa katika mtaa wa Mohamed Mahmoud, hatua chache tu kutoka Tahrir. Uchaguzi wa bunge ulikuwa umebaki siku chache. Ikhwani kama jumuiya hawakushuka. Walikuwa na kura za kulinda. Vijana wale hawakuwasamehe, na mimi nilisikia kwa masikio yangu wakisema "mliuza damu yetu kwa viti". Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, Rais Morsi, mtu wa Ikhwani, akatoa tamko la kuyaweka maamuzi yake juu ya mahakama, katiba ikaharakishwa huku watu wa vyama vingine na makanisa wameshajitoa kwenye kamati.

Kisha zamu ikageuka. Julai 3, 2013 jeshi likamwondoa Morsi. Chini ya nyumba yetu palikuwa na duka la maji ya miwa. Mwenye duka alikuwa mtu mzuri, hakuwahi kututoza bei ya mgeni. Siku ile alitoa maji ya miwa bure kwa kila askari aliyepita. Agosti 14 kambi ya waliomuunga mkono Morsi pale Rabaa ikavunjwa. Human Rights Watch walihesabu waliouawa wasiopungua 817 mahali pale peke yake. Moshi uliingia nyumbani kwetu, tukaloweka shuka maji tukaziba madirisha. Mwenye duka alifungua siku iliyofuata akaniambia, "Wameyataka wenyewe."

Novemba ile ile ikatoka sheria ya kuzuia maandamano. Desemba, Ahmed Maher wa harakati ya Aprili 6, kijana asiyekuwa mtu wa Ikhwani, akahukumiwa miaka mitatu. Na mtoto wa mwenye duka, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa akivuta sigara mchana wa Ramadhani mbele yetu, akachukuliwa kwenye maandamano madogo ya chuo. Nilimkuta baba yake amekaa nje, mashine imezimwa, miwa imekauka kwenye ndoo. Sikuwa na la kumwambia.

Ulitaja nchi nyingine, Mwana_Kisauni. Tazama Tunisia. Oktoba 18, 2005, chini ya Rais Ben Ali, watu wanane waligoma kula katika ofisi ya wakili Ayachi Hammami mjini Tunis. Dunia ilikuwa inakuja kwenye mkutano mkubwa wa masuala ya intaneti mwezi uliofuata, nao wakaitumia nafasi. Ndani ya chumba kimoja alikuwemo Hamma Hammami, mkomunisti, na Samir Dilou, wakili wa Ennahda, chama cha Kiislamu. Walidai uhuru wa vyama, uhuru wa habari, na wafungwa wa kisiasa waachiwe. Wafungwa hao wengi wao walikuwa watu wa Ennahda, ilhali wengi wa waliogoma hawakuwa wa Ennahda. Yaani mtu asiyekubaliana na wewe anakaa na njaa mwezi mzima ili ndugu yako atoke. Baada ya hapo hawakutawanyika. Wakaunda kamati, wakaanza kuandika yale yanayouma: usawa wa mwanamke na mwanamume, uhuru wa mtu kuamini au kutoamini. Wako waliokataa kukaa nao, na waliokaa waligombana sana. Lakini 2014, baada ya mwaka mchungu wa mauaji ya wanasiasa wa upinzani Chokri Belaïd na Mohamed Brahmi, katiba yao ilipita kwa kura 200 dhidi ya 12. Nadhani kazi ile ya kuandika mapema ilisaidia, maana mengi yalikuwa yameshagombewa.

Tangu Julai 2021 Rais Kais Saied ameirudisha nchi kulekule, na magereza yamejaa wa pande zote mbili. Novemba 2025 Jawhar Ben Mbarek, mtu wa mrengo wa kushoto, alikuwa amegoma kula jela. Rached Ghannouchi wa Ennahda, mzee wa miaka 84, naye akiwa mfungwa, akatangaza kugoma pamoja naye. Niliisoma habari ile nikamkumbuka mwenye duka la maji ya miwa.

Binti_wa_Likoni:

Mimi ni Mkatoliki, nyumba yetu iko Likoni. Agosti 1997 kituo cha polisi kiliposhambuliwa na mauaji yakaanza, maelfu ya watu wa bara walikimbilia kanisa letu. Nilikuwa darasa la sita. Sitaeleza siasa zake. Nataka kusema tu kwamba jirani yetu, bibi wa Kidigo, alimpa mama buibui lake avae mpaka tufike kanisani, na njia nzima alitutangulia yeye, akisalimia kila kundi la vijana kwa sauti kubwa ili wamtambue.

Mwana_Kisauni, mtafute yule dada kwanza. Kabla ya ustadh. Ustadh aliondoka na watu tisa, yeye aliondoka peke yake.

Fundi_wa_Mwembe:

Mwanangu wa Kisauni, waaleikum salaam. Mimi si msomi, mimi mshonaji. Lakini umetaka mtu aliyeyaona, nami niliyaona nikiwa nimekaa kwenye cherehani.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nashona kwenye duka dogo karibu na Mwembe Tayari, vyerehani vinne vya kukanyaga. Fundi mkuu wetu alikuwa Mjaluo, mzee wa kanisa, mtu wa FORD hasa. Kaka yangu alikuwa IPK. Sheikh Khalid Balala akihutubia pale Mwembe Tayari, sauti inatufikia mpaka ndani ya duka, fundi mkuu anaondoa mguu kwenye kanyagio asikilize. Siku moja akamuuliza kaka yangu, "Haya maneno ni ya kweli. Mkishinda, mimi mtaniweka wapi?" Kaka yangu hakuwa na jibu. Alikunywa chai yake akaondoka. Nasema hili kwa sababu swali lile lilikuwa la haki na lilihitaji jibu, na siku zile kila mtu alikuwa akiliahirisha mpaka Moi atoke.

Mwanzo mapenzi yalikuwa mengi. FORD ilipotangazwa Agosti 1991, mmoja katika wale sita alikuwa mtu wetu wa Mombasa, Ahmed Salim Bamahriz. Desemba kifungu cha 2A kikafutwa, chama kimoja kikawa si sheria tena, tukaona mlango umefunguliwa kwa wote. Januari 1992 IPK ikaanzishwa hapa hapa mjini. Wakaenda kuomba usajili, wakakataliwa, wakaambiwa chama cha dini hakiruhusiwi. FORD wakapewa. DP, chama kingine cha upinzani, wakapewa.

Hapo ndipo mkasi ulipopita. Serikali haikuhitaji kuleta mjadala wa Mungu hata kidogo. Ilimpa mmoja karatasi, ikamnyima mwenziwe, ikakaa kutazama. Aliyepewa angeweza kusema "sote au hapana", lakini uchaguzi ulikuwa mlangoni, na ukishika karatasi mkononi ni vigumu kuitua. Desemba watu wa IPK waliwapigia kura wagombea wa FORD-Kenya, kipande kimoja cha FORD iliyokwisha kugawanyika, chama kikapata wabunge hapa Mombasa kwa nguvu hiyo. Usajili wa IPK haukuja.

Sasa nikwambie la kwangu. Mei ile ya 1992 wahubiri walikamatwa, mji ukawaka. Vitoza machozi mpaka vichochoroni, watoto wanatapika. Kaka yangu alichukuliwa Majengo, mkononi ana mkebe wa maziwa ya mwanangu. Hakuwa amerusha hata kokoto, ila kofia na ndevu zilitosha. Siku ya pili nikaenda kituoni na bakuli la wali, nimelifunga kwa leso. Nje ya kituo nikakuta mawakili wawili vijana, wamekuja kwa ajili ya watu wa vyama. Wana karatasi, wanasoma majina. Nikasogea karibu. Nilisikiliza mpaka mwisho, jina la kaka yangu halimo. Nikamwambia mmoja, "Wakili, na ndugu yangu." Akaniuliza wa chama gani. Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, wallahi hakuwa mtu mbaya, akasema, "Dada, hao wana mambo yao."

Mwenzenu amesema "hao ni kesi nyingine". Nilipolisoma neno lile nilitua simu, nikaenda uani nikakaa. Miaka zaidi ya thelathini, na maneno ni yale yale.

Nikarudi dukani sina uso. Leso imelowa mchuzi, maana wali haukupokewa. Fundi mkuu hakuniuliza kitu. Kesho yake nilipofika asubuhi nilikuta vyerehani vitatu. Cha nne, kile cha kupigia pindo, cheusi chenye maua ya dhahabu ubavuni, hakipo, sakafuni pamebaki alama nne za miguu yake. Alikuwa amekiuza kwa Muhindi mmoja wa mtaa wa Biashara. Pesa zile zikawa dhamana. Siku ya sita kaka yangu akatoka, amekonda, sikio moja halisikii. Alikwenda moja kwa moja dukani, hakupitia nyumbani. Wakakaa wawili hawasemi. Kisha kaka akasema, "Uliniuliza utawekwa wapi." Wakaanza kuzungumza pale, wakazungumza mpaka usiku, mimi nikiwasha taa. Walibishana sana! Kaka alitaka sheria ya Mungu juu ya nchi, fundi mkuu alisema basi yeye atakuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Hawakukubaliana mpaka fundi mkuu akafa. Lakini kila mtu akimwambia kaka yangu kwamba Wakristo ni maadui, alikuwa akijibu neno moja: "Cherehani."

Na wengine walifanya vivyo hivyo kwa ukubwa. Mwaka ule ule akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, waligoma kula Uhuru Park, Nairobi. Polisi wakawapiga, baadhi ya mama wakavua nguo. Kanisa la All Saints likawafungulia, wakakaa ndani karibu mwaka mzima mpaka wana wao wengi wakaachiwa. Katika wafungwa wale walikuwemo wasiokanyaga kanisa. Kanisa halikuuliza.

Upande wetu nao nitausema, maana wewe umekuwa mkweli. Sisi wanawake tulipika, tulishona bendera, tulibeba mabakuli vituoni, na mezani hatukukaa. Mwaka 1993 ikaja UMA (United Muslims of Africa) ya kuwatenga Waislamu Waafrika na Waislamu Waarabu, watu wakapigana mitaani, na sisi tulijua mapema kwa sababu wake zao walikuja dukani kushona na walisema. Hakuna aliyetuuliza. Sheikh Balala mwenyewe akanyimwa pasipoti akiwa Ujerumani, asirudi mpaka 1997. Kwa hiyo yule dada aliyekalishwa chini kwa sababu ya kichwa wazi, mlipoteza mtu aliyeona ndani ya seli. Vijana wa msikitini kama wanaona haya kumtazama, wainamishe macho kama dini ilivyowaamuru. Masikio hayakuamriwa kufungwa.

Hao mama wa watoto waliochukuliwa kwa ugaidi ni majirani zangu. Mmoja huniletea kanzu ya mwanawe kila Ramadhani niipige pasi na kuikaza vifungo, ili akirudi aikute tayari. Sasa imefika mwaka wa kumi na moja. Usiniambie hiyo ni kesi nyingine.

Mwana_Kisauni:

Shangazi, nimesoma mara tatu. Azhari na dada wa Likoni, shukran.

Nilifanya kama alivyosema dada wa Likoni, nilianza na yule msichana. Nilimngoja kazini kwake, anauza simu pale Kongowea. Alinisikiliza akiwa amesimama. Amesema atakuja kwa sharti moja: azungumze yeye mwanzo, na asiambiwe kitu kuhusu nguo zake. Nimekwenda kwa ustadh na sharti hilo. Alinyamaza kitambo, akasema yeye atakaa, vijana wake hajui. Naye ana lake: majina ya wale wa pwani yaingie bila maelezo ya "mshukiwa", jina na tarehe tu kama wengine. Mwenye kompyuta alibisha kwanza, kwamba hatujui kila mmoja alifanya nini. Nikamsomea habari ya wakili na karatasi. Amebadilisha. Hakufurahi, lakini amebadilisha.

Bado hatujakubaliana kama kitambaa cha kuandika majina hayo kianze na Bismillah. Tunagombana tangu jana. Kikao ni Jumamosi hii saa nane mchana, ukumbi ule ule. Shangazi, utakuja?

Fundi_wa_Mwembe:

Nitakuja, na yule mama wa kanzu nitakuja naye. Yeye akae mbele, hasikii vizuri.

Hilo la Bismillah msilifanye la mwisho, ligombeni sasa, msingoje kushinda. Yule dada na ustadh wapeni kalamu moja, waliandike pamoja, muone litatoka nini.

Kitambaa nitashona mimi. Marekani nyeupe, herufi za uzi mweusi, rangi isije ikatoka kwa mvua. Niambie majina ni mangapi kwa jumla, ya wote, nijue nikate kiasi gani.